Binti yetu ana waya za meno na Januari anakwenda bweni: tuzitoe au aendelee nazo?

Mshauri mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Arusha. Ninaandika kwa sababu mimi na mume wangu tumefika mahali ambapo kila tukigusa habari ya meno ya binti yetu tunaishia kununiana, na siku za kuamua zinayoyoma.

Binti yetu ana miaka 13 na amemaliza darasa la saba mwezi Septemba. Tangu meno yake ya utu uzima yalipoota, yale ya mbele ya juu yalitokeza nje kiasi kwamba midomo haikufungana vizuri, na shuleni alipewa majina ambayo sitaki kuyaandika hapa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba awekewe waya. Fedha haikuwepo, mimi nilikopa kwenye kikoba chetu, kaka yangu akachangia, na baada ya kung'olewa meno mawili ya juu, moja kila upande, ili ipatikane nafasi, daktari wa kunyoosha meno hapa mjini alimwekea waya mwanzoni mwa mwaka huu. Alituambia kazi yote itachukua karibu miaka miwili.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Meno yameanza kurudi nyuma, na hata mama mkwe wangu, ambaye tangu mwanzo alisema tunaingilia kazi ya Mungu, sasa anasema uso wa mjukuu wake umependeza. Tatizo ni usafi. Kila usiku ninasimama mlangoni mwa bafu nikimhimiza apige mswaki, naye hunijibu kwamba ameshapiga. Nikimwambia afungue kinywa nione, nakuta mabaki ya chakula yamenasa kwenye waya, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Fizi zake zimevimba na zinatoa damu zikiguswa, kwa hiyo nimemwambia zile sehemu zinazotoka damu aziache zipumzike kwanza. Akiwa shuleni hakuwahi kupiga mswaki baada ya chakula cha mchana, ingawa nilimnunulia mswaki mdogo wa kukaa kwenye begi. Muhula ulipoisha niliukuta haujatolewa hata kwenye pakiti yake. Kwa kweli mimi naona ni uvivu wa umri huu tu, maana simu haimchoshi.

Mara ya mwisho tulipokwenda kliniki, daktari hakuridhika. Alisema anaona alama nyeupe pembeni mwa vile vichuma vilivyobandikwa kwenye meno, na kwamba usafi usipobadilika atalazimika kuzitoa waya kabla ya wakati. Habari ya alama haikunishtua sana, kwa sababu watu wa huku kwetu meno yetu yanajulikana: maji yana floraidi, na mimi mwenyewe nina madoa ya kahawia tangu utoto. Ndiyo maana tangu mwaka jana nyumbani tunatumia dawa ya mswaki ya mitishamba isiyo na floraidi, baada ya jirani kunieleza kwamba kuongeza floraidi juu ya ile iliyomo kwenye maji ndiko kunakoharibu meno ya watoto.

Januari binti anaanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni huko Lushoto, na ada ya muhula wa kwanza tumeshalipa. Mume wangu anasema waya zitolewe Desemba. Hoja yake ni kwamba ikiwa nyumbani, mama yake akiwa amemsimamia, hali ya meno ni hii, huko bwenini atamsimamia nani? Anasema tutakuwa tunalipa fedha ili meno ya mtoto yaoze. Mimi naona tukizitoa sasa, fedha yote imepotea na meno yatarudi yalikotoka. Binti mwenyewe tukimuuliza huinua mabega na kusema "mtakavyo", kisha usiku namsikia analia.

Je, nishikilie msimamo wangu au nimsikilize mume wangu? Na akienda nazo, nitamsaidiaje kutunza meno hali yuko mbali na macho yangu?

Mama wa watoto wawili, Arusha

Nyongeza: mdogo wake ana miaka minne na anatumia dawa ya mswaki hiyo hiyo. Yeye nimfanyie nini?

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu,

Pole kwa usiku mwingi wa kusimama mlangoni mwa bafu. Ninavyoielewa barua yako, mnagombania Desemba: baba anataka waya zitoke kabla ya bweni kwa sababu anaogopa kuoza kwa meno, nawe unataka zibaki kwa sababu unaogopa kupoteza fedha na kumrudisha mtoto kwenye majina yale ya shuleni. Hofu zote mbili zina msingi, na mimi sitakuambia nani kati yenu ashinde. Ila kabla hamjafika Desemba, kuna mambo ndani ya barua yako ambayo umeyachukulia kuwa yanajulikana, nami ningependa tuyatazame upya, kwa sababu yakibadilika hayo, hata swali lenu litabadilika.

La kwanza ni zile alama nyeupe. Ni kweli kwamba maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano, na madoa uliyonayo wewe huenda yametokana na hayo. Lakini doa la floraidi huingia jinoni wakati jino bado linajengwa ndani ya taya, kabla halijaota. Jino hutoka nalo, na kwa kawaida meno yanayofanana ya kulia na kushoto huwa na alama zinazofanana, kama mistari au mawingu yanayokatiza jino. Alama ambayo haikuwepo mwaka jana, imetokea baada ya waya kuwekwa, na inafuata ukingo wa kichuma au imekaa kati ya kichuma na ufizi, ina historia nyingine. Hapo ukoga umekaa muda mrefu, bakteria waliomo wamegeuza sukari ya chakula kuwa tindikali, na tindikali hiyo imeanza kuyatoa madini kwenye tabaka gumu la nje la jino. Huo ndio mwanzo wa kuoza, na unaweza kuonekana katika muda wa mwezi mmoja tu ikiwa ukoga unaachwa pale pale. Bado si tundu, na hiyo ndiyo habari njema: katika hatua hii inaweza kusimamishwa, na wakati mwingine weupe ule hufifia. Ikiachwa, hufika kwenye kutoboka, na hata isipotoboka, siku waya zitakapotolewa meno yaliyonyooka yatabaki na umbo la kila kichuma limechorwa juu yake.

Huna haja ya kuniamini mimi wala kubishana na mumeo juu ya hili. Tafuta picha za binti akicheka kabla ya kuwekwa waya, au mwombe daktari akuonyeshe zile za kwenye faili, kwa maana kliniki nyingi hupiga picha za meno kabla ya kuanza matibabu. Linganisheni jino kwa jino. Inawezekana mkakuta vyote viwili, doa la zamani la maji na alama mpya ya ukoga kwenye jino moja, na daktari ndiye atakayewatenganishia.

Hapo tunafika kwenye dawa ya mswaki, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sentensi nzito kuliko zote katika barua yako, ingawa uliipitisha haraka. Jirani yako hakutunga. Floraidi ikizidi inaleta madoa kweli. Kilichokosekana katika maelezo yake ni umri. Hatari hiyo ni ya mtoto mdogo anayemeza, ambaye meno yake ya utu uzima bado yanajengwa, na kwa meno ya mbele kazi hiyo huwa imekwisha kufikia takriban miaka minane. Binti wa miaka 13 hawezi kupata madoa mapya ya mbele kwa sababu ya dawa ya mswaki anayoitema. Kinyume chake, floraidi inayogusa uso wa jino kila asubuhi na usiku husaidia madini kurudi pale yalipotolewa na tindikali, na mwenye waya anaihitaji kuliko mtu mwingine yeyote hapo nyumbani. Ukisoma boksi la dawa ya kawaida utakuta kiwango kati ya 1,000 na 1,500 ppm, yaani sehemu za floraidi katika kila sehemu milioni za dawa. Kwa umri wake cha juu ndicho kinachofaa. Akimaliza ateme povu, asisukutue kinywa kwa maji mengi, ili kiasi kibaki juu ya meno. Mnaweza pia kumuuliza daktari kuhusu kumpaka floraidi nzito pale kliniki, au dawa ya kusukutua yenye floraidi ambayo hutumika saa tofauti na ya mswaki. Sikuambii uitupe ile ya mitishamba kesho asubuhi bila kumuuliza daktari, lakini ningependa aijue, kwani huenda hadi leo anadhani mtoto anapiga mswaki kwa dawa yenye floraidi na anashangaa kwa nini hali ni hii.

Kuhusu damu, umefanya alivyofanya mzazi yeyote mwenye huruma: mtoto anaumia, umemwambia apumzike. Kwa bahati mbaya fizi hazifanyi kazi hivyo. Zinavimba na kutoka damu kwa sababu ya ukoga uliokaa kwenye ukingo wake, na zikiachwa bila kuguswa, ukoga unaongezeka na damu inaongezeka. Mswaki wenye nywele laini, ukipitishwa taratibu pale pale panapotoka damu, kwa kawaida hupunguza uvimbe katika wiki moja au mbili. Umri wake nao unachangia, kwa kuwa mabadiliko ya balehe huzifanya fizi ziwe nyepesi kuvimba. Zisipopungua baada ya hapo, mrudishe kliniki, kwa sababu huenda kuna ugaga uliogandamana ambao mswaki hauwezi kuutoa.

Sasa uvivu. Simfahamu binti yako, na inawezekana kabisa ni mvivu, wapo. Lakini nimejiuliza kama kuna mtu aliyewahi kukaa naye mbele ya kioo akamwonyesha kazi yenyewe. Kusafisha meno yenye waya ni kama kufagia bweni lililojaa vitanda vya chuma: fagio hupita katikati kwa urahisi, nao uchafu unabaki kwenye miguu ya vitanda. Mtoto aliyezoea kupiga mswaki kwa dakika moja anaweza kukujibu kwa haki kabisa kwamba ameshapiga, na wewe ukakuta chakula kimekaa pale pale.

Kwa hiyo badala ya kumkagua, kaa naye. Mswaki uelekezwe kwanza kwenye mstari wa juu wa vichuma, umeinamishwa kidogo kuelekea chini, ukizungushwa jino kwa jino mahali ambapo kichuma kinakutana na ufizi. Kisha chini ya vichuma, umeinamishwa kuelekea juu. Halafu mbele, ndani upande wa ulimi, na sehemu ya kutafunia. Baada ya hapo ule mswaki mdogo mwembamba wa katikati ya meno upenye chini ya waya, kati ya kichuma na kichuma, juu na chini. Maduka makubwa ya dawa mjini wanao, na kama huupati, waulize kliniki. Kazi hii kwa mtu anayejifunza inachukua zaidi ya dakika mbili, na usiku ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu tukilala mate hupungua na meno hukosa kinga yake. Mswaki wenyewe huchakaa haraka ukikwaruzwa na chuma. Nywele zikianza kutawanyika, ubadilishwe, bila kungoja miezi mitatu.

Kuna njia moja ya kuondoa ule ugomvi wa "nimepiga, hujapiga". Baadhi ya kliniki zina vidonge vya kutafuna vinavyoupaka ukoga rangi; nyumbani tone moja la rangi ya kupambia keki katika maji kidogo ya kusukutulia linaweza kufanya kazi hiyo, ingawa ulimi nao utapakwa kwa muda. Akishapiga mswaki asukutue kwa maji hayo, kisha atazame kioo. Palipobaki rangi ndipo palipobaki ukoga, na anayemwambia ni kioo, si mama. Kubalianeni siku za kufanya hivyo, kisha siku nyingine mwache. Najua kumwacha ni kugumu kuliko kusimama mlangoni, ila akifika Lushoto mlango wa bafu hautakuwa na mama, na ni heri ajifunze kujikagua akiwa bado yuko karibu nawe.

Ningependa pia umuulize, kwa siku ambayo hamjagombana, habari ya ule mswaki uliobaki kwenye pakiti. Shule nyingi bomba liko uani mbele ya kila mtu, na msichana aliyekwisha kuitwa majina kwa ajili ya meno yake anaweza kuona afadhali akae na chakula kwenye waya kuliko kukitoa mbele ya macho ya wenzake. Inawezekana vilevile kwamba siku kadhaa baada ya kukazwa waya meno humuuma hata kugusa, au ncha ya waya inamchoma shavu naye hakuambii. Mambo haya yana dawa zake: nta ya kufunika ncha, maji ya uvuguvugu yenye chumvi, chakula laini kwa siku chache. Lakini dawa ya kuona haya ni nyingine, na ukimjibu kana kwamba ni uvivu hataendelea kukueleza. Shuleni anaweza kusukutua kwa maji ya kunywa kutoka chupa yake baada ya kula, jambo ambalo hakuna atakayeligeukia kulitazama, kisha akafanya kazi kamili asubuhi na usiku.

Chakula nakipitia haraka kwa sababu bila shaka daktari alikueleza. Kashata, karanga ngumu, muwa, bisi, mahindi ya kuchoma ya kung'ata, barafu na mifupa ya kuku hung'oa vichuma. Ubuyu wa sukari, gubiti na bigijii hunasa. Makande ya bwenini ale, ila mahindi yawe yameiva vizuri. Kuhusu sukari, wazazi wengi huhesabu kiasi, ilhali kwa meno idadi ya mara ndiyo inayoumiza zaidi: soda moja inayonyonywa kidogo kidogo kuanzia saa nane hadi saa kumi inaweza kuliumiza jino kuliko ile ile iliyonywewa pamoja na chakula ikaisha.

Turudi kwenye Desemba. Mkisema waya zitoke, jueni mnachokipata na mnachokiacha. Mtapata urahisi wa kusafisha na utulivu wa kutomwaza akiwa mbali. Lakini binti aling'olewa meno mawili ili yale ya mbele yarudi kwenye nafasi hiyo, na ikiwa nafasi haijazibwa, mtamwachia mapengo pamoja na meno yaliyorudi nusu njia. Meno yaliyosogezwa hupenda kurudi yalikotoka, kwa hiyo hata akitolewa mapema atahitaji kifaa cha kuyashikilia, na kifaa hicho nacho kinataka usafi na nidhamu. Yale yaliyotokeza, zaidi ya habari ya sura, huvunjika kwa urahisi mtoto akianguka. Kuanza upya baadaye kunawezekana, kwa gharama nyingine.

Mkisema aendelee, hatari mnayoibeba ni ile anayoisema baba yake, nami singependa uichukulie kama ukaidi wake. Waya zinahitaji kuonwa na daktari kila baada ya wiki nne hadi nane hivi. Kutoka Lushoto hadi Arusha ni safari ya siku nzima, na shule za bweni hazitoi ruhusa kwa wepesi. Waya zilizokaa muhula mzima bila kuonwa, kichuma kimoja kimebanduka, fizi zimevimba, ni hali mbaya kuliko mbili zote mnazogombania. Kwa hiyo kabla ya kusema "aendelee", pigeni simu shuleni mzungumze na matroni: je, ruhusa ya kliniki ipo ikiwa mtaleta barua ya daktari yenye tarehe? Je, ataruhusiwa kioo, miswaki ya akiba, nta na chumvi yake? Muulizeni daktari kama ana mwenzake Tanga au Moshi anayeweza kumwona katikati ya muhula, na kama miadi inaweza kupangwa ifuate likizo. Majibu ya simu hizo yatawasaidia kuliko mabishano ya mezani.

Tena ipo njia ya katikati ambayo hamjaitaja. Daktari aliposema atazitoa, muulizeni alikusudia nini hasa: kuondoa kila kitu, au kuutoa waya peke yake kwa muda na kuviacha vichuma, ili fizi zitibiwe na usafi urudi, kisha aendelee? Wapo madaktari wanaofanya hivyo. Muulizeni pia imebaki kazi kiasi gani mpaka mapengo yafungwe, kwa sababu miezi mitano na miezi kumi na mitano si mzigo mmoja. Na kama kila mlango wa Lushoto utaonekana umefungwa, mnaweza kufikiria shule ya kutwa kwa mwaka huu mmoja. Ada mliyolipa ni hasara, lakini iwekeni kwenye mizani pamoja na hasara nyingine, ili muione ukubwa wake.

Nendeni kliniki wote watatu kabla ya Desemba. Nasema watatu kwa makusudi. "Mtakavyo" ya mtoto anayelia usiku sidhani kama ni kutojali. Huenda anajiona ndiye chanzo cha ninyi kununiana, na mkopo wa kikoba anaujua. Mwacheni amuulize daktari maswali yake mwenyewe, mkiwa mmenyamaza. Anaweza kusema anataka kuendelea na akakubali masharti, au akasema amechoka na anaomba zitoke, na hilo nalo ni jibu la kuheshimiwa, hata kama litakuuma kwa sababu ya fedha.

Kuhusu mdogo wake wa miaka minne, hofu uliyokuwa nayo kwa dada yake inamhusu yeye zaidi, kwa kuwa meno yake ya utu uzima ndiyo yanajengwa sasa. Lakini chanzo kikubwa kwake ni maji anayokunywa na yanayopikiwa chakula. Kuyachemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua, floraidi inabaki katika kiasi kidogo zaidi cha maji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kama mnatumia kisima au mto, ulizia namna ya kupima, kingeni maji ya mvua kwa ajili ya mtoto, na kumbuka kuwa kipo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi huko Ngurdoto ambacho kinatumia machujio ya mkaa wa mifupa. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo yana floraidi, kwa hiyo chakula chake kipikwe bila magadi. Dawa ya mswaki yenye floraidi anaweza kutumia, kiasi cha punje ya njegere, ukimwekea wewe mwenyewe na kuhakikisha anatema. Daktari akishajua mnatumia maji gani, atakuambia kama kiasi hicho kipunguzwe.